Si betri, ni hofu ya kuishiwa njiani

Unasema watu wanayakwepa magari ya umeme kwa sababu betri hufa mapema. Mimi naona hicho ni kisingizio zaidi kuliko sababu. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000 hivi, na wenye magari wangapi hukaa na gari moja muda wote huo?

Kinachotisha hasa ni kuishiwa chaji njiani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: Nissan Leaf ya mwanzo, iliyoingia sokoni 2010, ilikwenda kama kilomita 117 tu kwa chaji moja kwa kipimo cha Marekani. Leo mengi yanapita 400, ila picha ya zamani imeganda vichwani. Tazama Norwei. Baridi kali (ambayo kweli hupunguza umbali), na bado mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Kodi zilipunguzwa, vituo vikaenea, kisha mtu akamwona jirani yake anaendesha bila taabu, naye akanunua.

Asiye na pa kuchajia nyumbani, huyo akisita simlaumu.