Karatasi nyekundu mlangoni: mbona jengo halibomolewi?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Wakaguzi wa jiji wamebandika karatasi nyekundu kwenye ghorofa tunalopanga. Mwenye nyumba anasema ni nyufa za lipu tu, na kwamba lingekuwa bovu kweli jiji lingeshalivunja. Wiki zinapita kimya, na baadhi ya wapangaji wamesharudi ndani. Nimwamini nani?

JIBU: Tokeni kwanza, mabishano yafuate. Karatasi nyekundu kwa kawaida inakataza watu kuingia. Kubomoa ni uamuzi mwingine kabisa. Kwenye mfumo wa rangi unaotumika Marekani baada ya tetemeko, kijani ni jengo lisiloonyesha hatari, njano ni matumizi yenye mipaka, nyekundu ni marufuku kuingia. Jengo la nyekundu laweza kukarabatiwa likakaliwa tena. Kwa hiyo kutovunjwa kwake hakuthibitishi kwamba ni zima.

Kimya hicho mara nyingi ni sheria inayokwenda polepole. Mwenye mali hupewa notisi, muda wa kuleta mhandisi wake, na nafasi ya kukata rufaa. Hatari ikiwa ya papo hapo, miji mingi inaweza kuhamisha watu mara moja, au kuvunja na kumdai gharama. (Kuhamisha watu pia ni kuwatafutia pa kulala, na hapo ndipo maofisa wengi husitasita.)

Tuje kwenye nyufa. Vijiufa vyembamba vilivyosambaa kama utando huwa ni lipu iliyokauka vibaya. Ninaouogopa ni ufa wa mshazari kwenye boriti karibu na nguzo, au ufa wa wima unaofuata nondo ndani ya nguzo ukiwa na madoa ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, basi husukuma zege la nje mpaka libanduke. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, nao niambie. Muulize mwenye nyumba: lipu ilibanduliwa? Mkaguzi makini huibandua, hugonga zege kwa nyundo akisikiliza kama linalia kama kitu chenye uwazi ndani, na akitilia shaka hukata vipande vya zege vikapimwe maabara. Bila kuibandua, hayo ya “lipu tu” ni kubahatisha.

Rana Plaza, Bangladesh, nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013 na mhandisi akaonya. Benki iliyokuwa humo ikafunga, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa kurudi. Asubuhi yake jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Ukaguzi ulifanyika, kilichokosekana ni mtu wa kuufunga mlango.

Nendeni jijini mkaombe nakala ya ripoti yenye jina na saini ya mkaguzi, na muulize notisi inaisha lini. Mwenye nyumba akileta mhandisi wake, sawa, ila aandike na kusaini kwamba jengo linakalika. Maneno ya mdomo msiyapokee. Na karatasi ile iondolewe na jiji lenyewe, siyo na yeye.