Jibu: Nifanyeje kiburi kisiniingie nikisifiwa kanisani?

Bwana asifiwe dada. Umesema tangu ukabidhiwe kwaya unajikuta unasubiri sifa kuliko ibada yenyewe, na unaogopa. Kuogopa huko ni neema, usikupuuze.

Soma 2 Nyakati 26, habari za Mfalme Uzia. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akajenga minara, akachimba visima, Mungu akamsaidia mno. Alipokwisha kupata nguvu ndipo moyo ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80 wakamzuia. Badala ya kutubu akawaka hasira, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Mimi huona hasira ile ndiyo ya kuangalia: ukianza kununa unaporekebishwa, ujue kiburi kimeshaingia.

Nilipokuwa mwalimu wa kwaya nilinuna hivyo hivyo. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia niwe nafika Jumamosi kupiga deki na kupanga viti, nisimwambie mtu. Wiki za kwanza niliona aibu, kisha nikaanza kuimba nikiwa peke yangu mle ndani, na nilikuwa namwimbia Mungu kweli.

Kila asubuhi, kabla hujashika simu, piga magoti umshukuru Mungu kwa sauti hiyo, maana uliipokea tu (1 Wakorintho 4:7). Usiku ungama ulipojikweza, bila kuzungukazunguka. Na yule anayeimba vizuri kuliko wewe, mwombee kwa jina, halafu mpe wimbo Jumapili ijayo aongoze yeye.