Mtoto wako anajua saba ni ngapi?

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka minne alikuwa akihesabu hadi mia bila kukosea. Wageni wakija kwetu Langoni, hapa Lamu, namsimamisha dakani ahesabu, nao wanampigia makofi. Siku moja ya Ramadhani nikamtuma aniletee vitumbua saba kutoka jikoni. Akarudi navyo vitatu mkono huu, viwili mkono ule. "Hebu hesabu, mama," nikamwambia. Kidole chake kikapita juu ya vile vitumbua haraka, kimoja akakigusa mara mbili, kingine mara mbili tena, mpaka akafika saba. Hesabu aliyokuwa nayo ilikuwa ya mdomoni tu, kama mtoto aliyehifadhi kasida asijue maana yake. Na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Leo nafundisha chekechea, na kila mzazi anayeniambia mwanawe "ameshafika mia" namwomba ajaribu jambo moja nyumbani. Weka kauri nane mkekani. Mtoto aguse moja moja huku akitaja. Akimaliza, muulize: "Basi ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jibu. Kisha mwambie, "Nipe tano." Hilo ni gumu zaidi, kwa sababu lazima ajue pa kusimama. Mwisho zitawanye zile kauri, uone kama atasema zimeongezeka. Akisema hivyo usimgombeze. Wa umri huo wengi husema vivyo hivyo, na dawa yake ni kushika vitu vingi zaidi, kila siku, kidogo kidogo.

Kuna jambo la lugha yetu ambalo wazazi hatulitazami. Tunamwimbisha mtoto "moja, mbili, tatu", kisha tunamtuma mayai mawili, vikombe viwili, tunamwambia watu wawili wamekuja. Wapi mbili yake? Halafu sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kamwe: mayai sita, vikombe sita, watu sita. Kwetu sisi wakubwa hili ni jepesi kama maji. Kwa mtoto ni kazi. Kwa hiyo mkipanga vikombe vya chai, hesabuni vikombe vyenyewe: kikombe kimoja, viwili, vitatu. Nimeona watoto wakifunguka kwa hilo tu.

Kwa upande mwingine Kiswahili kinatupa zawadi. Kumi na moja, kumi na mbili: ukilisikia neno, umeshaiona kumi na kilichobaki. Kiingereza kina neno lake jingine kabisa kwa kumi na moja, na mtoto huchanganya kumi na tatu na thelathini kwa sababu kwa Kiingereza zinakaribiana kwa sauti. Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC), ulioanza nchi nzima mwaka 2019 kwa shule za awali na gredi ya 1 hadi ya 3, unaruhusu lugha ya mahali itumike kufundishia wadogo hawa. Tuitumie. Kiingereza kitakuja. Panapotusumbua ni ishirini, thelathini, arobaini, maana hayo hayasemi ni makumi mangapi. Hapo natumia chelewa za ufagio: tunafunga kumi kumi kwa uzi, na ishirini inakuwa mafungu mawili unayoweza kuyashika.

Ya kwetu Lamu yamejaa hesabu. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija moja ni boriti 20. Muulize kijana wa gredi ya 3, korija tatu ni boriti ngapi, atakaa aifikirie kwa sababu amewaona wapakuzi wakizishusha jahazini. Na wakati wa kutoa zaka ya fitri, usimwache mtoto nje. Mpe kibaba, ajaze mchele, aufute juu kwa kiganja uwe sawa, amimine. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa miaka sita alimimina cha nne, akaiangalia pishi imejaa, akauliza, "Mwalimu, kwa hivyo pishi mbili ni vibaba vinane?" Sikuwa nimemfundisha kuzidisha.

Saa nazo zina utata wake (mshale mfupi uko kwenye nane, sisi twasema saa mbili), lakini hizo zisubiri mpaka namba zenyewe zikae.

Ombi langu kwa walimu wenzangu: tupunguze kuwapa wa miaka mitano kurasa nzima za kuandika 1 hadi 100. Mwanangu aliwahi kupewa kazi hiyo likizo nzima, akachukia daftari. Na mtoto akihesabu kwa vidole, msimpige mkono. Mwacheni navyo. Siku atakapokuwa havihitaji ataviacha mwenyewe, na mwanangu aliviacha alipofika gredi ya 2, bila mtu kumwambia.