Paa Langu Limependeza, Jopo Linauliza Nafasi Iko Wapi

SWALI: Salamu, Mwalimu. Nasomea usanifu majengo, mwaka wa tatu. Muhula huu tumepewa kubuni soko la samaki kando ya ziwa, pale Dunga. Nilikunja karatasi ngumu ya manila usiku kucha mpaka nikapata paa la mikunjo linalopendeza mno. Jopo la wahadhiri likaniambia, "Hili ni umbo, nafasi iko wapi?" Nilitupe nianze upya, au nilitetee?
*Mwanafunzi, Kisumu*

JIBU: Usilitupe, mwanangu. Wala usilitetee kwa maneno. Jopo halikusema paa ni baya. Limeuliza anayeingia chini yake atakuta nini. Ikiwa modeli yako ya manila ni ya kipimo cha 1:200, yaani sentimita moja ni mita mbili za kweli, mtu ndani yake hafiki hata sentimita moja, na paa unaliona kama anavyoliona korongo akipita juu. Mama muuza mbuta halioni hivyo.

Chukua kipande kimoja tu cha soko, meza mbili na njia katikati, ukijenge kwa 1:20. Mama mwenye beseni kichwani atakuwa kama sentimita 10. Kata umbo lake kwa kadibodi, ulisimamishe, kisha ingiza kamera ya simu usawa wa macho yake, sentimita saba na nusu kutoka sakafuni, upige picha. Huenda ukakuta mkunjo mmoja unagonga beseni, na mwingine unaacha mwanga mzuri ukiangukia kona isiyo na mtu. Picha hizo ndizo za kupeleka mbele ya jopo.

Halafu itoe modeli juani, ukiielekeza jinsi soko litakavyokaa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta: jua la Juni hupitia kaskazini, la Desemba kusini, ila la asubuhi na la jioni hupenya kwa pembeni mwaka mzima. Saa tatu, saa sita na saa kumi, chora kwa penseli pale jua linapoangukia meza. Meza ikipigwa na jua, badilisha mkunjo kwanza kabla hujaisogeza.

Mwisho, maji. Paka manila nta ya mshumaa, umwagie maji kwa birika. Kila bonde la paa lako ni mfereji, upende usipende. Likimwaga njiani kwa wateja, limekosea. Likielekea kwenye tangi la kuoshea samaki, umepata sababu ya mkunjo ambayo hakuna mhadhiri atakayeibeza.

Ukipata nauli, fika Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake hazina udongo wala saruji, zina unene wa takriban mita moja, na mahali pengine zinafika kimo cha mita 4.5. Tazama mawe makubwa ya nje na ya ndani yalivyoshikwa na madogo ya katikati. Kisha pita mlangoni: ni mfupi, lazima uiname. Walioujenga walijua mwili wako utafanya nini kabla hujafika, na hilo ndilo jopo lako linalitafuta kwenye paa lako.

SWALI: Kijana wangu anasomea kazi hiyo hiyo. Kila wiki anakata makaratasi na kuyatupa. Mbona asichore kwa kompyuta tu?
*Mzazi, Njoro, Nakuru*

JIBU: Mwache akate, mzazi mwenzangu. Msanifu majengo Antoni Gaudí, kule Hispania, alipobuni kanisa la Colònia Güell, alining'iniza nyuzi zenye vifuko vya chembe za madini ya risasi ili uzito wenyewe umchoree matao, kisha akayasoma juu chini. Kompyuta itachora ukuta wowote anaoiagiza, hata usioweza kusimama. Kadibodi dhaifu hujikunja palepale mkononi mwake. Gharama ikiwalemea, aombe maboksi matupu kwenye maduka ya viatu, na pesa mnunulie kisu kikali na rula ya chuma.