Kabla ya kumpandisha paka wa Kiajemi
Dada, kwa kuwa umeuliza kama paka wako wa Kiajemi mwenye mwaka mmoja anafaa kupandishwa, ninakusihi uanze na figo, kwani paka wa aina hii hurithi ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo, na mzazi mmoja tu mwenye jeni hiyo anaweza kuwarithisha takriban nusu ya watoto wake, ilhali kipimo cha ugonjwa huo kinahitaji ute uliopanguswa kwa pamba ndani ya shavu. Dume naye apimwe. Pimeni pia makundi ya damu, kwa sababu mtoto wa kundi A akinyonya maziwa ya kwanza ya mama wa kundi B anaweza kufa ndani ya siku chache. Fedha za upasuaji ziwe tayari, maana vichwa vipana vya watoto wa paka hawa vinaweza kukwama wakati wa kuzaliwa.