"Swiss Made", "Swiss Movt", "Japan Movt": maandishi madogo ya chini ya namba 6 kwenye uso wa saa yanasema nini hasa

Mleta mada anauliza: saa yake usoni imeandikwa "Swiss Movt", lakini mfuniko wa nyuma una neno "China". Je, ameuziwa feki? Waliotangulia wengi wamemjibu ndiyo, arudishe haraka. Mimi ni fundi saa, kufungua mifuniko ya nyuma ndiyo kazi yangu, na kwa maelezo hayo peke yake siwezi kuiita feki. Maandishi hayo mawili hayagombani.

"Movt" ni kifupi cha "movement", yaani mashine ya ndani inayoendesha saa, kwa hiyo "Swiss Movt" inazungumzia mashine tu. Mashine ni ya Uswisi, basi. Kasha, uso, mishale na mtu aliyeikusanya saa havijatajwa. Kanuni ya Uswisi ya tarehe 23 Desemba 1971, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, inaruhusu maneno "Swiss movement", ila inataka neno la mashine liwe na ukubwa, umbo na rangi ileile ya neno "Swiss", ili mtu asiandike "Swiss" kama bango na lile la pili alifiche. Neno "Swiss" likisimama lenyewe, bila mwenzake, uzito wake kisheria ni sawasawa na "Swiss Made". Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa chenga: wanaona neno Swiss, hawasomi linalofuata. Kuna hata "Swiss Parts", yaani vipande vimetoka Uswisi na mashine ikaunganishiwa kwingine. Ya namna hiyo wala si mashine ya Uswisi kwa mujibu wa kanuni.

Sasa "Swiss Made" yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2017 masharti yamekazwa. Mashine iwe ya Uswisi, ifungwe ndani ya kasha huko Uswisi, mtengenezaji afanye ukaguzi wa mwisho hukohuko, usanifu wa kiufundi nao uwe wa huko, halafu angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa nzima itumike Uswisi. Mashine nayo ina hesabu yake: asilimia 60 ya gharama, na vipande vya Uswisi visipungue asilimia 50 ya thamani ya vipande vyote. Kabla ya 2017 hesabu ya asilimia iliishia kwenye mashine. Kasha lingeweza kutoka popote duniani kwa bei yoyote, na saa ikaitwa ya Uswisi bila kuvunja sheria.

Tatizo langu na hiyo 60 ni kwamba ni asilimia ya gharama. Chukulia kutengeneza saa moja kunagharimu 100. Mashine, kazi ya kuikusanya na ukaguzi, vyote Uswisi, vinakula 60. Kasha, uso, mishale na kioo vinatoka China kwa 40. Saa imepita. Lakini ukiiweka mezani, karibu kila kitu ambacho macho ya mnunuzi yanakiona na mkono wake unakigusa kimetoka nje. Tena mshahara wa Uswisi ni mkubwa, na kasha la Asia ni rahisi, kwa hiyo kadiri unavyobana bei ya vipande vya nje ndivyo asilimia ya Uswisi inavyopanda yenyewe. Mkanda hauhesabiwi kabisa.

Siyo mimi tu ninayelalamika. H. Moser & Cie., kampuni ya Uswisi yenyewe, mwaka 2017 iliondoa maneno "Swiss Made" kwenye saa zake ikisema sharti hilo ni jepesi mno. Ikatengeneza na saa ya mzaha, "Swiss Mad" ("mad" ni kichaa), yenye kasha lililotokana na jibini halisi ya Uswisi. Kichekesho, ila ujumbe ulifika.

Tuje kwenye neno "China" la mleta mada. Sheria ya forodha ya Marekani haitosheki na maandishi ya usoni. Inataka mashine yenyewe ichongwe au ipigwe muhuri: nchi ilikotengenezwa, jina la mtengenezaji au mnunuzi, na idadi ya vito, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine. Kasha nalo liandikwe nchi lilikotengenezwa, ndani au nje ya mfuniko. Kwa hiyo kampuni inayouza Marekani inaweza kabisa kuwa na saa yenye nchi moja usoni na nyingine kwenye mfuniko, na ikawa imetii sheria kikamilifu.

Hii tabia ya Marekani ni ya zamani. Sheria ya ushuru ya mwaka 1890 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na ukifungua saa kuukuu za Uswisi zilizouzwa kule utakutana na mabaki ya ushuru kila mahali. Utaona "unadjusted" (haijarekebishwa) kwenye mashine nzuri tu, kwa sababu mashine iliyorekebishwa ilitozwa zaidi. Utaona mashine za vito 17 zimejaa kupita kiasi, maana juu ya 17 ushuru uliruka. Utaona herufi tatu za msimbo wa mwagizaji karibu na gurudumu la mizani. Wateja wangu wengi huzichukulia alama hizo kama sifa za ubora, au kinyume chake. Zote ni za forodha.

Wamarekani wenyewe ni wakali zaidi kwa "Made in USA": karibu kila kitu kitoke huko. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliibana kampuni ya saa ya Shinola ya Detroit juu ya kaulimbiu yake "Where American is Made", kwa kuwa saa zake zinakusanywa Detroit kwa vipande vya Uswisi na vya nchi nyingine. Kampuni ikaanza kutaja wazi kuwa vipande ni vya kutoka nje. Ujerumani, mji mdogo wa Glashütte una kanuni yake ya mwaka 2022 inayolinda jina la mji: zaidi ya nusu ya thamani ya saa izalishwe pale.

"Japan Movt" isome vilevile, mashine ya Japani, saa ikakusanywa popote. Na yale mabishano ya saa ya Kijapani, Seiko SKX007, toleo la J na la K, la J likiwa na "Made in Japan" na la K halina: ndani zote zina mashine ileile, 7S26. Nimefungua zote mbili na tofauti ya ubora sijaiona. Anayelipia zaidi kwa ajili ya J analipia maandishi.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kurudisha, mpelekee fundi aufungue mfuniko. Mashine ikiwa na jina la mtengenezaji, namba yake na "Swiss" iliyochongwa safi, umeuziwa kilichoandikwa. Ukikuta mashine tupu isiyo na alama yoyote, au "Swiss Parts" wakati usoni pameandikwa "Swiss Movt", hapo rudisha na udai pesa yako. Weka picha ya mashine hapa tuisome pamoja, picha ya uso haitusaidii.