Toyota Altezza ya mkono wa pili, Subaru Impreza ya turbo: maswali yenu kabla hamjatoa hela

Wiki hii barua karibu zote ni za magari ya vijana, yale yenye eksozi ya kuamsha mtaa. Mlioniuliza habari za IST na Noah mnisubiri kidogo.

Fundi, shikamoo. Dalali ananiuzia Altezza, anasema ni RS200 na nyuma imeandikwa hivyo hivyo. Bei anayotaka ni ya RS. Nitajuaje kama siyo AS? – Msomaji, Tegeta

Marahaba. Herufi za nyuma zinanunuliwa dukani na kubandikwa kwa gundi, kwa hiyo zisikusumbue. Fungua boneti, tazama namba ya chesesi iliyogongwa kwenye bati la ukuta kati ya injini na dashibodi. Ikianza na SXE10, hiyo ni RS200: injini ya 3S-GE, silinda nne, lita 2, nguvu ya farasi 210 kwa yenye gia sita za mkono. Ikianza na GXE10, ni AS200 yenye 1G-FE, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, nguvu 160. Halafu linganisha namba hiyo na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Ila nikwambie ukweli, kwa foleni ya Bagamoyo Road mimi ningechukua AS iliyotunzwa kabla ya RS iliyochoka. Inavuta taratibu, haina makuu. Ubaya ni kulipa bei ya RS ukapewa AS.

Nakuja Dar Jumamosi kuangalia Altezza ya mwaka 2001. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Anza kwenye simu. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, omba urudi kesho asubuhi, maana injini iliyopashwa inaficha mengi: kugonga kwa asubuhi, moshi wa mwanzo, hata uvivu wa kuwaka.

Likiwa baridi, fungua mfuniko wa oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameanza kuingia kwenye oili, na hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Fungua na rejeta. Inatakiwa iwe na kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, yenye rangi yake. Ukiona maji ya bomba yenye kutu, uliza gari limeishi hivyo miaka mingapi. Mafundi wetu wana tabia moja inayoniudhi sana: gari likichemsha wanang'oa themostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, na kusema kazi imekwisha. Utalitambua ukiliendesha, kwa sababu mshale wa joto unabaki chini hata baada ya nusu saa ya mwendo.

Sasa mwambie mwenzako aliwashe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni kulanti. Kisha liache lingurume hapo hapo kwa dakika ishirini, AC ikiwa imewashwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua gari zuri ajabu asubuhi moja yenye manyunyu. Tulizunguka dakika kumi, nikalipa. Mchana wake, kwenye foleni ya Ubungo, lilichemsha mpaka nikakaa pembeni na madumu. Yule aliyeniuzia alijua ndiyo maana alinipigia saa moja asubuhi.

Barabarani, sikiliza gia. Kwenye hizi za gia sita, ingiza namba mbili kwenda tatu wakati gia boksi bado baridi. Ikikwaruza, gia ya tatu imechoka. Kisha tafuta kipande cha lami mbovu. Mlio wa "tok" mbele unaposhika breki au kukata kona unaweza kuwa boli joint za chini, vile viungo vya duara vinavyoshikilia tairi. Hizo ndizo nisizocheka nazo kwenye Altezza, maana ikichomoka tairi linalala pembeni ukiwa mwendoni. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa.

Bodi usiipime kwa macho peke yake. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, ipitishe kwenye milango na mabawa. Isiposhika, chini ya rangi kuna putty. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, tazama bati: mikunjo au welding isiyo ya kiwandani ina maana gari liligongwa nyuma. Na boliti za mabawa ya mbele zikiwa zimechubuka rangi, ujue spana imepita hapo.

Naishi Mombasa. Naweza kuagiza Altezza moja kwa moja kutoka Japani? – Msomaji, Kenya

Hapana. Kwenu gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, na Altezza ziliacha kutengenezwa mwaka 2005. Utanunua iliyomo nchini tayari, kwa hiyo logibuku na jina la anayeuza vikague kabla ya rangi. Sisi huku Tanzania yanaingia, ila kodi ya gari kuukuu inauma.

Nimependa Impreza WRX ya 2002, turbo, imefungwa eksozi kubwa na "blow-off", ile vali ya kupumulia turbo. Mwenyewe anasema imeongezwa nguvu. Nichukue? – Msomaji, Arusha

Nakuelewa. Tuliokuwa karibu na redio mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally ndani ya Impreza, ugonjwa huo haujapona. Lakini neno "imeongezwa nguvu" mimi hulisikia kama "imeongezwa matatizo", mpaka nioneshwe karatasi: nani aliprogramu kompyuta ya injini, lini, na kwa petroli gani. Gari hili Japani linakunywa petroli ya daraja la juu, oktani 100 hivi. Ukiongeza msukumo wa turbo halafu ukaweka petroli dhaifu, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndizo zinazolipa. Kama masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, yamekatwa na hakuna aliyegusa programu, mimi naondoka.

Ukiamua kuendelea, mpeleke fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Injini hii imelala, plagi zimefichika ubavuni, kwa hiyo fundi mvivu atakwambia haina haja. Mlipe afanye. Silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, acha. Sikiliza pia mlio mzito wa kugonga chini injini ikipata joto. Hizo ni beringi za konrodi, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000. Asipokuwa na risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, kata gharama kwenye bei, maana ukikatika vali zinapigana na pistoni. Na uliza swali dogo: ukifika nyumbani kutoka safari ya mbio, unazimaje gari? Anayezima hapo hapo amekuwa akiichoma oili ndani ya turbo kila siku.

Odomita inasoma 86,000 kwa gari la 2000. Niamini? – Msomaji, Mwanza

Tazama pedali ya breki, usukani na ubavu wa siti ya dereva. Raba ikiwa imelika mpaka chuma na usukani unang'aa kama embe, namba hiyo ni hadithi. Aliyeagiza mwenyewe huwa amebakisha karatasi ya mnada wa Japani: hapo kuna kilomita za siku ile, na alama ya R inaonesha gari lilikarabatiwa baada ya ajali.

Kadi inasoma 1G, ila ndani kuna injini ya 2JZ, ile kubwa ya lita 3. Muuzaji anasema ni kawaida. – Msomaji, Dodoma

Kufunga injini nyingine ni kawaida, kutorekebisha kadi ndiyo tatizo, na litakuwa lako siku ya kusimamishwa au ya kudai bima. Aende TRA abadilishe kwanza, kwa gharama zake. Ukiwa hapo, angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za trafiki hazijalipwa.

Mwanangu ana miaka 23, amejiwekea akiba, anataka Altezza. Nimkatalie? – Mama wa Kimara

Usimkatalie, mama. Muulize tu atabakiwa na shilingi ngapi akishalipa. Matairi manne, mkanda wa taimingi, boli joint na bima havisubiri mshahara ujao. Akijibu "sifuri", akae miezi mingine sita. Matairi ya zamani yasimdanganye kwa kina cha meno: ubavuni kuna tarakimu nne, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na gari hili linasukumwa na matairi ya nyuma. Baada ya mwezi mmoja yachungulie wewe mwenyewe. Ukikuta ya nyuma yamebaki kipara na ya mbele yako vile vile, utajua usiku anapokwambia yuko kwa rafiki anasoma, anasoma nini.